Je, Damu Ndiyo Inayoamua?

Maandiko ya kusoma: Ezekieli 18, Mwanzo 9:18-27, Matendo 17:22-31

Wiki hii tuzungumze juu ya neno moja dogo ambalo sote tunalo mdomoni: damu. Sisemi ile damu ya msalaba tunayoiimba kila Jumapili. Nasema ile tunayoitaja kwenye matatu, sokoni, kwenye chama, na hata kwenye vikao vya mahari. "Wale wana damu ya biashara." "Hao damu yao ni ya moto." "Usioe huko, hiyo ni damu ya wizi." "Watu wetu wamezaliwa kuongoza."

Ukisikiliza vizuri, maneno hayo yote yanasema jambo moja: kwamba vile mtu alivyo, tabia yake, akili yake na uwezo wake, viliamuliwa kabla hajazaliwa, na kabila lake au ukoo wake ndio ulioamua. Wazee walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Siku hizi aliyesoma kidogo anasema "ni jeni, sayansi imethibitisha." Nguo imebadilika, lakini aliyeivaa ni yule yule.

Basi nina maswali mawili. La kwanza: ni kweli? La pili, ambalo watu hawaliulizi sana: hata kama kuna tofauti fulani katika miili yetu, tofauti hiyo inampa mtu haki gani juu ya jirani yake? Nayauliza haya hapa Nakuru kwa sababu udongo huu tunaokanyaga umeshagawanywa kwa hoja ya damu. Kuna wakati ilikuja na koti jeupe la daktari, na kuna wakati ilikuja na panga.

Vipimo vya Mathari

Miaka ya 1930 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya daktari aliyeitwa H. L. Gordon. Huyu alipima vichwa vya Waafrika na kusema kwamba ubongo wetu kwa asili ni mdogo na duni kuliko wa Mzungu. Mwenzake F. W. Vint, aliyefanya kazi katika maabara ya serikali, alipima ubongo wa maiti za Waafrika, na mwaka 1934 akachapisha matokeo yake katika jarida la anatomia huko Uingereza. Aliandika kwamba ubongo wa mwanamume wa Kenya, mtu mzima, umefikia kiwango cha mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Fikiria babu yako, mwenye mke, watoto na mifugo, akiandikwa hivyo kwenye jarida la kisayansi.

Mwaka 1933 walikuwa wameshaunda chama Nairobi cha kuchunguza jinsi ya kuboresha mbio za wanadamu, yaani rangi na uzao wao. Wakaomba London iwape pesa wafanye uchunguzi mkubwa zaidi. London haikuwapa.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na darasani tulifundishwa kwamba ripoti haisomwi kuanzia ukurasa wa mwisho. Kwanza unauliza: nani ameiandika, amehesabu nini, na nani anafaidika ikiaminiwa? Hebu tuikague hii.

Amehesabu nini? Uzito wa ubongo, pamoja na mengine. Lakini uzito si akili. Ivan Turgenev, mwandishi mkubwa wa Urusi, alipokufa ubongo wake ulikutwa na uzito wa zaidi ya gramu 2,000. Anatole France, mwandishi wa Ufaransa aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1921, wake ulikuwa kama gramu 1,000 tu, nusu yake. Wote wawili walikuwa Wazungu, wote waandishi hodari. Kama mizani ingekuwa inapima akili, mmoja wao hangeweza kuandika hata barua.

Amelinganisha nani na nani? Maiti zilizopita mikononi mwa daktari wa serikali mjini miaka ile zilikuwa za nani? Za matajiri walioshiba tangu utotoni, au za vibarua? Mwili unajengwa na chakula, maziwa, maji safi na magonjwa uliyopona au usiyopona ukiwa mdogo. Mtu akipima matokeo ya njaa na kuyaita asili, huyo amekosea hesabu tangu mstari wa kwanza.

Na nani anafaidika? Hapa tusimame kidogo.

Risiti iliyoandikwa baadaye

Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa katika mkataba uliowaondoa katika Bonde la Ufa, kutoka sehemu hizi zetu za Naivasha na Nakuru, wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakahamishwa tena. Kule Njoro Lord Delamere alipata ekari 100,000. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikaruhusu mlowezi akodishiwe shamba kwa miaka 999. Baadaye mwanamume Mwafrika akalazimishwa kutembea na kipande shingoni. Mwaka 1934, mwaka ule ule Vint alipochapisha habari za ubongo, Tume ya Carter ilitoa ripoti yake, na nyanda za juu zikazidi kuwekewa mipaka ya kuwa za Wazungu peke yao.

Angalia mpangilio wa miaka. Ardhi ilichukuliwa kwanza, vichwa vikapimwa baadaye. Sisemi kwamba tume ilikaa ikasoma mizani ya Vint. Nasema kwamba mtu akishachukua mali, anatafuta risiti. Ile sayansi ilikuwa risiti iliyoandikwa baada ya bidhaa kutoka dukani. Maana kama mwenye shamba ana akili ya mtoto wa miaka 7, basi kumnyang'anya kunaitwa kumlea. Kumlipa kidogo kunaitwa kumlinda asiharibikiwe na pesa. Kumnyima shule nzuri kunaitwa kutompotezea muda.

Chuo cha Egerton pale Njoro kilianzishwa mwaka 1939 na Lord Egerton kuwafundisha kilimo vijana wa Kizungu. Mwafrika aliijua ng'ombe ile ile na ngano ile ile, lakini mlango haukuwa wake. Leo ni chuo kikuu, na washirika wetu wengine wamefuzu huko. Ubongo wetu haukuongezeka gramu hata moja katikati. Kilichofunguka ni mlango.

Halafu ikaja Mau Mau. Daktari mwingine wa Mathari, J. C. Carothers, alikuwa ameandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akisema Mwafrika wa kawaida hutumia ubongo wake kama Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamwomba aeleze Mau Mau ni nini, naye akaandika kwamba chanzo ni akili iliyovurugika kwa kuacha mila na kutofika bado kwenye usasa. Akashauri watu wakusanywe vijijini. Zaidi ya watu milioni moja walikusanywa hivyo, wengi kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa.

Sasa wewe mwenye wazazi walioishi Olenguruone, au waliokuwa maskwota kwenye mashamba ya Njoro, Molo na Subukia, ungemweleza daktari huyo nini? Watu walikuwa wamepewa ardhi Olenguruone miaka ya 1940, wakaamriwa namna ya kulima, wakakataa, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wameondolewa. Kiapo kilikuwa kimeshaanza kuzunguka huko. Mtu aliyefukuzwa shambani ana hasira. Hiyo haihitaji darubini. Lakini ukiita hasira yake ugonjwa wa akili, huna haja ya kumrudishia shamba. Unampa dawa, au unamfungia.

Na tusiwanyoshee kidole madaktari peke yao. Watu wa dini nao walitoa risiti yao. Kwa karne nyingi ilihubiriwa kwamba Mwafrika amelaaniwa kwa sababu ya Hamu. Fungua Mwanzo 9 usome mwenyewe. Hamu hakulaaniwa pale. Aliyelaaniwa ni Kanaani, na aliyelaani ni Nuhu akiwa ameamka kutoka kwenye divai, si Mungu. Hakuna neno lolote kuhusu rangi ya ngozi. Hata hivyo hadithi hiyo ilizunguka, ikageuzwa na wasafiri na wataalamu kuwa nadharia ya "Wahamu," watu bora waliodaiwa kutoka nje kuja kutawala Waafrika wengine. Pale Rwanda nadharia hiyo iliaminiwa na watawala, pua na urefu vikapimwa, na miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika Mhutu au Mtutsi kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Tunajua kilichofuata.

Kijana wa Gilgil

Mtu anaweza kusema, "Pasta, basi tuachane na sayansi." La hasha. Mizani ya uongo sokoni haitufanyi tuache kupima unga. Inatufanya tutafute mizani ya kweli.

Karibu na sisi hapa, Gilgil, alilelewa mvulana wa Kizungu kwenye shamba la baba yake. Jina lake Anthony Allison. Alikwenda kusoma udaktari Uingereza, akarudi Afrika Mashariki na kupima damu za watu wa jamii nyingi. Aligundua kwamba chembe za selimundu, ule ugonjwa wengi wetu tunaouita sikoseli, zinaonekana sana kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria na wa pwani, na kidogo sana kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi. Hapa ndipo mtu mvivu angeandika: "Watu wa ziwa wana damu mbaya." Allison hakuandika hivyo. Aliuliza: mahali hapa pana nini ambacho kule hakipo? Jibu lilikuwa malaria. Mwaka 1954, mwaka ule ule wa ripoti ya Carothers, alichapisha kwamba mtoto aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Akizirithi kwa wazazi wote wawili ndipo huugua.

Kwa hiyo selimundu si alama ya kabila. Ni alama ya mbu. Iko kwa Waafrika wa pwani, iko India, iko Uarabuni, iko Ugiriki, sehemu ambazo malaria ilikaa na watu kwa vizazi vingi. Ndiyo maana katika darasa la ndoa hapa kanisani tunawashauri wachumba wote wapime, awe ametoka Kisumu au Kinangop. Wazazi wote wawili wakiwa na chembe hizo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ni vizuri wajue.

Umeona tofauti? Wote walipima miili ya Waafrika. Mmoja alitafuta kuthibitisha kilichokuwa tayari kinawafaa wenye nguvu. Mwingine aliuliza sababu, na jibu lake leo linaokoa watoto. Sayansi inayomtumikia mtu humwuliza anaumwa wapi. Ile inayotumikia siasa humwuliza anatoka wapi.

Na waliochunguza jeni baadaye? Mwaka 1972 Richard Lewontin wa Marekani alihesabu akaona kwamba kama asilimia 85 ya tofauti za kurithi kati ya wanadamu ziko kati ya mtu na mtu ndani ya jamii moja, si kati ya jamii na jamii. Kwa lugha ya nyumbani: tofauti kubwa iko kati yako na binamu wa jirani yako mnayeongea lugha moja. Mstari tunaochora kati ya kabila na kabila umebeba sehemu ndogo sana ya mzigo.

Hata sifa inaweza kuwa kamba

"Lakini Pasta, si Wakalenjin wanakimbia?" Ndiyo, wanakimbia, na tunajivunia. Watafiti wa Ulaya wamekuja hadi Iten na Eldoret kutafuta jeni ya mbio, na mtafiti aliyeitafuta miaka mingi, Yannis Pitsiladis, hakuipata. Alichokuta ni watu waliokulia mahali pa juu, wanaofanya mazoezi makali, wenye kiu ya kutoka kwenye umaskini, na wenye mifano mbele yao tangu Kipchoge Keino aliposhinda Mexico mwaka 1968. Tena tusisahau Nyahururu na kwingineko. John Ngugi alishinda dhahabu ya mita 5,000 mwaka 1988. Samuel Wanjiru alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2008, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Catherine Ndereba alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mara mbili. Hawa hawakuwa Wakalenjin. Walikuwa na mlima, mazoezi na nidhamu.

Mwili una sehemu yake, sikatai. Mtu mfupi hapangiwi kuruka juu kama mrefu. Lakini ukisema "ni damu yao," unamnyang'anya mkimbiaji jasho lake. Alfajiri ya saa kumi na moja, baridi ya Iten, hiyo haikukimbiwa na babu yake.

Vivyo hivyo na biashara. Watu wanapenda kusema kabila fulani limezaliwa na duka mkononi. Mimi nikiangalia kama mtu wa hesabu naona mambo ya kawaida: ni nani alikuwa karibu na reli na soko la Nairobi, ni nani alipata mkopo, ni nani alikuwa na chama cha kukopeshana, ni nani alifukuzwa shambani akabaki na biashara tu. Mkikuyu, Mluo, Mkisii au Mturkana, mpe mtaji, barabara na mtu wa kumwamini, halafu njoo baada ya miaka kumi tuzungumze.

Kwa nini nashika hata sifa? Kwa sababu ni kamba ile ile, inavutwa upande mwingine. Anayekubali kwamba wengine wamezaliwa kuongoza amekubali tayari kwamba wengine wamezaliwa kutawaliwa. Mwaka 2008 tulivuna. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa akina mama na watoto wakiwa ndani. Mwishoni mwa mwezi huo ilikuwa zamu ya Nakuru na Naivasha. Kwa ujumla zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini. Kabla ya panga kulikuwa na maneno: watu waliitwa madoadoa, wakaitwa magugu. Wanaume walipimwa kama wanafaa uongozi kwa kutazama kama wametahiriwa, na Naivasha wengine walikatwa kwa nguvu. Hiyo ndiyo siasa ya damu ikifika mwisho wa barabara.

Ezekieli alijibu

Watu wa wakati wa Ezekieli walikuwa na methali yao, ya baba waliokula zabibu chungu na watoto waliotiwa ganzi meno. Mungu aliwaambia waache kuitumia. Soma sura yote ya 18 taratibu. Anaeleza mtu mwenye haki anayezaa mwana mwovu, na mwana huyo mwovu anayezaa mwana anayeyaona maovu ya baba yake na asiyafuate. Ukoo ni mmoja, damu ni moja, njia ni tatu. Kila mmoja anahukumiwa kwa alichotenda.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Kama damu ndiyo inayoamua, hakuna toba. Mlevi atasema, "Kwetu ni hivyo." Mume anayepiga mke atasema, "Sisi ni watu wa hasira." Na kama hakuna toba, hakuna haki pia, kwa sababu aliyenyang'anya atasema aliyenyang'anywa ameumbwa hivyo. Fundisho la damu linamwachilia mkosaji na kumfunga aliyekosewa kwa wakati mmoja. Hakuna mahakama ya haki inayoweza kufanya hivyo.

Sasa turudi kwenye swali la pili. Tuseme kesho watafiti wa kweli, wenye mizani ya kweli, wapate tofauti fulani kati ya watu na watu. Itatubadilisha nini? Hakuna kipimo cha mwili kinachoandika hatimiliki. Mama mwenye watoto watano, mmoja akiwa mzito wa kuelewa, hampunguzii chakula. Anamkalisha karibu. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba viungo vinavyodhaniwa havina heshima ndivyo vinavyopewa heshima zaidi. Kwa hiyo hatumheshimu jirani kwa sababu amefaulu kipimo. Tunamheshimu kabla ya kipimo, na hata akishindwa tunaendelea. Paulo aliwaambia watu wa Athene, waliojiona wateule wa dunia, kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja. Hakuweka kiwango cha kuingia.

Tufanye nini

Kwanza, tukague maneno yetu. Kila baada ya miaka mitano wanasiasa huja kutuuzia damu kwa sababu ndiyo bidhaa isiyohitaji mtaji. Mwuulize mgombea atafanya nini na barabara, zahanati na bei ya mbolea. Akikujibu kwa kabila, jua hana bidhaa nyingine.

Pili, wazazi, tusimkatae mchumba wa mtoto kwa ukoo. Uliza juu ya tabia yake, imani yake na kazi yake. Mpeleke akapime afya. Ruthu alikuwa Mmoabu, na Daudi akatoka kwake.

Tatu, ukisikia "sayansi imesema," uliza mambo matatu: nani, amepima nini, na nani anafaidika. Uliza hivyo hivyo ukisikia "Biblia imesema," hata nikisema mimi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Ni methali au msemo gani wa kwetu unaohukumu mtu kwa ukoo wake? Tutawaambia watoto nini badala yake?
2. Kuna tabia gani nyumbani mwako ambayo umekuwa ukiiita "ya ukoo" ili usiiache?
3. Katika mtaa wenu, ni nani aliyefungiwa mlango halafu akalaumiwa kwa kubaki nje? Nani atakwenda kumfungulia?

Bwana awabariki. Tuonane Jumapili.